Kabla ya Kununua Piano, Iulize Nyumba Yako

Wazazi wanaoniona nikipiga kinanda kanisani huja na swali lilelile baada ya misa. Mtoto ameanza masomo ya piano, mwalimu amesema lazima awe na chombo nyumbani, sasa wanunue kipi? Dukani wameoneshwa piano ya kidijitali, nyembamba, inayobebwa na mtu mmoja. Upande wa pili kuna mgeni anayehama nchi ambaye anauza piano ya mbao, ya nyuzi hasa, kwa bei ya kutupa. Mara nyingi moyo wa mzazi umeshaelekea kwenye ile ya mbao. Inaipa sebule heshima, na kila mtu anajua kwamba hiyo ndiyo piano yenyewe.

Mimi huanza kwa kuuliza mambo yasiyohusu muziki. Mnaishi wapi, na ghorofa ya ngapi? Umeme wenu hukatika mara kwa mara? Kiyoyozi mnakiwasha saa ngapi na kukizima saa ngapi? Mnamjua fundi wa kutuni piano, na yuko mji huuhuu? Kwa mtu wa Pwani, awe wa Upanga, Nyali au Mji Mkongwe, majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko utamu wa sauti aliyoisikia siku ya kwanza.

Piano ya nyuzi ni mtambo wa mbao, chuma na sufu. Bartolomeo Cristofori, fundi aliyetunza vinanda vya ukoo wa Medici mjini Florence, ndiye aliyeibuni karibu na mwaka 1700. Kazi yake kubwa ilikuwa kupata njia ya kukifanya kibonyezo kirushe nyundo ndogo, nyundo iugonge uzi kisha irudi papo hapo, uzi ubaki huru ukilia. Hapo mpigaji akaweza kunong'ona na kunguruma kwa kidole kilekile, jambo ambalo vinanda vya kudonoa nyuzi vilivyokuwapo havikuliweza. Piano ya leo ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Nyuzi zake ni zaidi ya 200, kwa kuwa noti nyingi zina nyuzi tatutatu zinazogongwa kwa pamoja. Mvuto wa nyuzi hizo zote ukijumlishwa hukaribia tani 20. Fremu ya chuma cha kumimina ndiyo inayoubeba mzigo huo, na ndiyo maana piano ya kusimama, ile inayoegemezwa ukutani, huwa na kilo 200 na zaidi. Anayekaa ghorofa ya nne isiyo na lifti aanze hesabu zake hapo.

Chuma hubeba tu. Kinachoimba ni ubao wa sauti, ubao mpana ulio nyuma ya nyuzi, wenye unene usiofika sentimita moja, uliotengenezwa kwa mti wa sprusi wa nchi za baridi. Ubao huo haukukatwa ukiwa tambarare kabisa. Una tumbo dogo linalozisukuma nyuzi kutoka nyuma, na ubora wa sauti umo katika msukumo huo. Sasa, mbao zote huvuta unyevu. Hewa ikijaa maji ubao huvimba, tumbo huinuka, nyuzi hukazwa na sauti hupanda. Hewa ikikauka, vyote hurudi chini. Na havipandi wala havishuki kwa kiasi kimoja, maana noti za katikati huathirika kuliko za pembeni. Piano iliyotuniwa vizuri Januari, mwezi Mei mvua za masika zikiwa zimeshiba, unasikia noti zake hazielewani tena.

Watengenezaji hupendekeza chumba chenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50 hivi, na zaidi ya yote usiobadilika ovyo. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar unyevu huwa juu ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na masika hupita 80. Huko nyuzi hazikai kwenye sauti kwa muda mrefu, na hilo bado ni dogo. Chumvi ya bahari huleta kutu kwenye nyuzi na kwenye vigingi vinavyozikaza. Vibonyezo huvimba vikakwama: unabonyeza, vinashuka, havirudi. Sufu iliyoshindiliwa kwenye nyundo hushika ukungu, na kama haikushika ukungu, nondo wale wanaotoboa nguo kabatini huila. Chini kabisa, karibu na pedali, panya hupapenda kwa kuzalia watoto wake. Mchwa sina haja ya kumweleza mtu wa Pwani.

Kiyoyozi ndicho kinachowadanganya wengi. Mwenye nyumba anasema, sisi tuna kiyoyozi sebuleni, piano yetu itakuwa salama. Ingekuwa salama kama kingewaka usiku na mchana, mwaka mzima. Lakini nyumba nyingi hukiwasha jioni watu wanaporudi kazini na kukizima wakienda kulala, au umeme unakizima wenyewe. Ubao unakaushwa saa nne, kisha unaloweshwa saa ishirini, kesho tena, keshokutwa tena. Kwenda na kurudi huko huupasua ubao na kulegeza gundi haraka kuliko unyevu wa kudumu. Ukweli ni kwamba chumba kisicho na kiyoyozi kabisa, chenye hewa inayopita, piano ikiwa mbali na dirisha na mbali na ukuta unaopigwa na jua, huitunza vizuri kuliko sebule ya kuwasha na kuzima.

Wazungu wa enzi ya ukoloni walilijua tatizo hili. Walioagiza piano za kuja huku waliziagiza zile zilizotengenezwa kwa nchi za joto, ambazo viungo vyake viliongezewa skrubu kwa sababu gundi peke yake haikuaminika. Wengine waliwasha balbu ndogo ndani ya tumbo la piano, chini, usiku kucha, ili joto lake lifukuze unyevu. Siku hizi kuna kifimbo cha umeme kilichobuniwa kwa kazi hiyohiyo, na kinasaidia kweli. Lakini nacho kinataka umeme usiokatika, na mtu wa kukikagua.

Katika hizo piano za zamani kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua kabla hajafungua pochi. Vikague vibonyezo vyake vyeupe kwa karibu. Ukiona kila kimoja kimefunikwa kwa vipande viwili vyembamba vilivyounganishwa, mstari mdogo ukikatiza pale vibonyezo vyeusi vinapoanzia, na mishipa hafifu inayopita ndani yake, hiyo ni pembe ya ndovu. Na inawezekana kabisa kwamba pembe hiyo ilitoka huku kwetu.

Katika karne ya 19 piano iliingia katika nyumba za watu wa kati wa Marekani na Ulaya, na kila moja ilihitaji vibonyezo vyeupe. Miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, ikawa kitovu cha kukata pembe za vibonyezo nchini Marekani, kupitia viwanda vya Pratt, Read na vya Comstock, Cheney. Pembe zao nyingi zilinunuliwa Zanzibar. Zilitoka bara, Ujiji na Tabora na mbali zaidi hadi Kongo, zikashuka kwa miguu hadi Bagamoyo juu ya mabega ya wapagazi, na katika misafara ile walikuwamo watumwa. Kutoka Bagamoyo zilivushwa kwa jahazi hadi Unguja, zikapimwa, zikapakiwa melini. Huko Connecticut zilikatwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani wiki kadhaa ndani ya nyumba za vioo hadi zikawa nyeupe kabisa. Mmoja wa mawakala waliozinunua Zanzibar, Ernst Moore, alikuja kuandika kitabu mwaka 1931 akikiri kwamba biashara ile ilikuwa janga kwa Afrika. Kila ninapoona piano ya aina hiyo ikisifiwa kwa uzee wake, nawafikiria wale waliozibeba pembe zile wasijue zinakwenda kufanya nini.

Kisheria, biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1989, Tanzania na Kenya zikiwa miongoni mwa nchi zilizousukuma uamuzi huo, na mwaka huohuo Kenya ilichoma tani 12 za pembe hadharani. Kwa hiyo piano yenye vibonyezo vya pembe haivuki mpaka bila vibali, hata iwe na miaka mia. Ukiagiza ya zamani kutoka Uingereza bila kuuliza jambo hilo, unaweza kuikosa bandarini, na fedha umeshalipa. Piano za miongo ya karibuni zina vibonyezo vya plastiki, na vidole vya mtoto havipungukiwi na chochote.

Nisieleweke kwamba naikataa piano ya nyuzi. Naipenda kuliko chombo kingine chochote. Ukikanyaga pedali ya kulia na kupiga noti moja ya chini, nyuzi nyingine ambazo hukuzigusa huamka na kuitikia. Chumba kizima hutetemeka kidogo, na mtoto anaisikia sauti kwa vidole, kwa miguu, kwa kifua. Kibonyezo chenyewe humfundisha: akikibonyeza kwa woga nyundo haifiki kwenye uzi, akikipiga kwa hasira sauti inakuwa kavu, kati ya hapo kuna ngazi nyingi ambazo mwalimu hawezi kuzieleza kwa maneno. Anayeishi Nairobi, Limuru, Arusha, Mbeya au Kampala ana bahati, maana hewa ya nyanda za juu ni rafiki zaidi kwa mbao. Kiangazi hukausha, mvua hulowesha, lakini tofauti hizo fundi mzuri anazimudu kwa kutuni mara mbili kwa mwaka. Nairobi ina shule ya muziki ya Kenya Conservatoire tangu 1944, kwa hiyo utamaduni wa piano upo, na ulipo utamaduni mafundi hupatikana. Mtu wa huko mwenye nafasi, mwenye uwezo, na mwenye jina la fundi kwenye simu yake, anunue ya nyuzi bila kusita.

Lakini anunue kwa macho makavu. Piano kuukuu za Japani, hasa za Yamaha na Kawai, huzunguka dunia kama yanavyozunguka magari yao yaliyotumika, na kama ilivyo kwa gari, rangi inayong'aa haisemi lolote kuhusu injini. Fungua mfuniko wa juu, ondoa ubao wa chini, washa tochi. Tafuta kutu, matundu ya wadudu, nyufa kwenye ubao wa sauti. Nusa, ukungu una harufu yake. Piga kila kibonyezo, vyote 88, polepole kisha haraka. Pakua programu ya kutuni kwenye simu, upige noti ya A iliyo juu ya C ya katikati: inapaswa kusoma hezi 440. Ikiwa imeshuka kidogo, si tatizo. Piano nzima ikiwa imeshuka kwa nusu toni au zaidi, maana yake haijaguswa na fundi miaka mingi, na kuipandisha kunaweza kukata nyuzi, au vigingi vikawa vimelegea kiasi cha kutoshika tena. Piano ya bure yenye vigingi vilivyolegea ni ghali kuliko mpya. Na kabla ya kulipa, mpeleke fundi. Gharama ya kumpeleka ni ndogo sana ukilinganisha na ile ya kuibeba piano kuja nayo nyumbani na kuibeba tena kwenda kuitupa.

Basi turudi Pwani, kwenye piano ya kidijitali. Ndani yake hamna uzi wala ubao wa sauti. Watengenezaji walichukua piano kubwa ya ukumbini, wakarekodi kila noti ikipigwa kwa nguvu tofautitofauti, wakaziweka rekodi hizo kwenye kumbukumbu. Chini ya vibonyezo kuna vihisishi vinavyopima kasi ya kidole, na mashine huchagua rekodi inayolingana na kasi hiyo. Haihitaji kutuniwa kamwe. Masika na kiangazi, A yake ni hezi 440. Yamaha P-45 ina kilo 11 na nusu, Roland FP-10 ina kilo 12 na kidogo, zote zikiwa na vibonyezo 88. Inapandishwa ghorofani kwa mkono mmoja, na saa nne usiku mtoto anavaa hedifoni, jirani analala. Katika nyumba zetu za kupangishwa, ukuta kwa ukuta, hilo la hedifoni ndilo linaloamua kama mtoto atafanya mazoezi kila siku au mara moja kwa wiki.

Hapa nataka wazazi wanisikilize vizuri, kwa sababu madukani majina huchanganywa. Kinanda cha vibonyezo 61, vyepesi, chenye midundo ya rumba na sauti mia tano za tarumbeta na filimbi, ni chombo kizuri cha kwaya na bendi. Nimekipiga miaka mingi na nakiheshimu. Lakini si piano. Vibonyezo vyake hurudishwa na springi, havina uzito wa nyundo, na mtoto anayejifunzia hapo vidole vyake havijengi nguvu. Akija kukutana na piano ya nyuzi hawezi kuitoa sauti. Unayoitafuta ina mambo matatu: vibonyezo 88, vizito, na viwe vizito zaidi upande wa chini kuliko wa juu, kama ilivyo kwenye nyundo halisi. Muuzaji akikuonesha idadi ya sauti na midundo, mshukuru, kisha kaa kwenye kiti upige noti moja kwa upole kabisa na tena kwa nguvu zote. Usiposikia tofauti kubwa, ondoka.

Uliza pia inaweza kutoa noti ngapi kwa wakati mmoja. Sitini na nne zinamtosha anayeanza, 128 na kuendelea ni salama kwa miaka mingi, kwa sababu pedali ikikanyagwa noti hurundikana, na mashine ikizidiwa huzikata za mwanzo kimyakimya. Pedali inayokuja kwenye boksi mara nyingi ni kiplastiki kinachoteleza kwenye vigae, nunua nzito. Nunua na stendi imara na kiti chenye kimo sahihi, maana piano nzuri ikiwekwa juu ya meza ya chakula humharibia mtoto mabega.

Umeme ndio unaowatia watu hofu, na hofu hiyo ni kubwa kuliko tatizo. Piano nyingi za aina hii hutumia adapta ya volti 12 na hula wati chache tu, kwa hiyo hata mfumo mdogo wa sola au betri yenye volti zinazolingana huiendesha jioni nzima. Casio CDP-S110 hutumia hata betri sita ndogo za AA. Kinachoua mashine hizi ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Iunganishe kwenye kifaa cha kuzuia umeme mkubwa, kama unavyofanya kwa friji, na ichomoe unapomaliza. Ifunike, maana vumbi na hewa ya chumvi huzifikia hata saketi, na mijusi kafiri hupenda joto la ndani.

Ina mapungufu, na mzazi ayajue. Miaka kumi au kumi na mitano ikipita, vihisishi huchoka, vipuri havipatikani tena, na thamani yake imekwisha, wakati piano nzuri ya nyuzi iliyotunzwa katika hewa nzuri humhudumia mjukuu. Nje ya nchi piano ya kidijitali ya kuanzia huuzwa kama dola 500. Ukiongeza usafiri, ushuru na faida ya duka, hapa bei hupanda sana. Na ile minong'ono ya nyuzi zinazoitikiana, mashine huiigiza, na kadiri ilivyo ghali ndivyo inavyoiga vizuri, lakini sikio lililozoea huitambua bandia. Mwanafunzi anayefika madaraja ya juu atahitaji piano ya nyuzi. Kabla ya hapo, hapungukiwi. Bodi ya ABRSM ya Uingereza, ambayo mitihani yake hufanywa na watoto wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania, hukubali mtihani kupigwa kwenye piano ya kidijitali alimradi sauti na mguso wake vifanane na vya piano ya kawaida na iwe na pedali.

Zipo pia piano za nyuzi zenye mtambo wa kuzinyamazisha, ambazo Yamaha imekuwa ikiziuza tangu miaka ya 1990. Unapiga nyundo halisi, unasikiliza kwa hedifoni. Ni nzuri, lakini bei yake ni ya wachache, na unyevu hauziachi.

Hukumu yangu ni hii. Nyumba iliyo karibu na bahari, kuanzia Lamu hadi Mtwara, inunue piano ya kidijitali yenye vibonyezo 88 vizito, mpya au iliyotumika kidogo, na fedha iliyobaki ilipie mwalimu. Piano ya nyuzi Pwani ni ya shule, ukumbi, hoteli au mtu aliye tayari kulipa umeme wa kiyoyozi saa 24 na fundi kila baada ya miezi michache. Familia za nyanda za juu zina uhuru wa kuchagua. Zichague ya nyuzi kama fundi yupo, na ya kidijitali kama hayupo.

Kisha nina ombi kwa wakuu wa shule, maparoko na wenyeviti wa kwaya. Katika miji yetu kuna piano za nyuzi zilizofungwa kwa kufuli kwenye kumbi za shule na pembe za makanisa, zikifunuliwa Krismasi na siku ya mahafali. Nyingine bado ni nzima, zinahitaji fundi wa siku mbili tu. Mtoto anayejifunza nyumbani kwenye piano ya kidijitali anahitaji kuigusa ya nyuzi walau saa moja kwa wiki ili masikio na vidole vyake vijue kinachoigwa. Pigeni simu kwa fundi, tengenezeni ratiba, toeni ufunguo.